Jana Hayakufika Hapa

Jumamosi iliyopita kiongozi mmoja wa vijana alinitumia picha. Mahema saba yamepangwa vizuri, mchanga mweupe, mivinje nyuma, bahari mbele imetulia kama chai kikombeni. Chini kaandika: "Maalim, tumefika salama. Maji hayafiki hapa, jana tumeangalia wenyewe."

Wallahi nilitaka kuitupa simu. Tangu nianze kupeleka vijana kambini pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu mpaka Michamvi, maneno hayo yameniloweshea magodoro mengi kuliko mvua. Kwa hiyo leo nayaandika, na safari nyingine nitakuwa natuma kiungo tu.

Nianze na lililo jepesi nilipite. Baina ya maji kujaa na kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku yanachelewa dakika 50 hivi. Yakijaa leo saa saba mchana, kesho tia saa nane kasoro dakika kumi. Mtoto wa Bwejuu analijua hilo kabla hajajua kusoma, na wa mjini akiambiwa mara moja anashika. Silo linalonikera.

Linalonikera ni kimo. Watu wanakubali kwamba saa inabadilika, halafu wanadhani maji yana mstari wao wa kusimamia, kama uwanja wa mpira. Hayana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, na siku moja au mbili baadaye bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa sana na kutoka sana, huwa katika ukali wake. Katikati, kwenye mwezi saba au nane (yaani siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama, ndivyo ninavyohesabu humu) na tena mwezi ishirini na mbili au tatu, ni maji mafu: hayapandi sana, hayatoki sana. Katika bamvua kubwa tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4. Katika maji mafu hupungua mpaka kama mita moja. Sasa chukua mchanga wetu wa mashariki, ambao umelala kama mkeka, uuongezee mita moja tu ya maji. Hiyo mita moja inaweza kutembea hatua kumi na tano kuelekea kichwani mwako.

Kwa hiyo "jana hayakufika" maana yake inategemea jana ilikuwa mwezi ngapi. Ukitoka bamvua kwenda maji mafu, haya, jana ni shahidi mzuri, leo yataishia chini zaidi. Ukitoka maji mafu kwenda bamvua, jana ni shahidi wa uongo, na ikifika kesho atakuwa muongo zaidi.

Nina kisa. Likizo moja ya skuli, mwezi wa Juni, tulikuwa na vijana thelathini. Tulifika mwezi kumi na moja. Saa saba mchana maji yakajaa, mkuu wa kambi akasimama pale yalipokomea, akahesabu hatua tano kwenda juu, akasema, "Vigingi hapa." Mimi nilikuwa msaidizi tu. Nilijua. Nikanyamaza, maana yeye ni mkubwa kwangu na niliona haya kumsahihisha mbele ya watoto. Hilo silifichi.

Usiku wa kwanza tukavu. Wa pili tukavu. Wa tatu kandambili mbili zilipotea, tukamsingizia mbwa.

Mwezi kumi na nne asubuhi, kiasi cha saa tatu na nusu, bahari ilitoka mpaka ukadhani imehama. Akina mama wa mwani wakashuka kwa wingi na kamba zao na magunia, kwa sababu siku za bamvua ndizo mashamba yao yanapokuwa wazi. Watoto wakawafuata, wakaokota viti vya pweza, zile nyota za bahari, na kuvirudisha, wakapiga kelele kila walipokanyaga tope. Mama mmoja akauliza, "Wanangu, mnalala wapi?" Wakamwonyesha mahema. Akayatazama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi leo mtalala na samaki."

Mkuu wetu akamjibu kwa adabu kabisa: "Bi mkubwa, si unaona yalivyotoka mbali? Hayarudi mpaka huku."

Hapa naomba msomaji tutulie kidogo, maana hii ndiyo ndugu ya ile imani ya kwanza, na ndiyo mbaya zaidi. Maji yaliyotoka mbali sana ndiyo yatakayorudi juu sana. Ni bamvua ileile, huku na huku. Ukiona wanawake wanafanya kazi ya mwani mahali ambapo juzi palikuwa na maji ya kifuani, usifurahie upana wa uwanja, nenda kahamishe hema. Tena hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa huoni kitu, unasema bado. Saa ya tatu na ya nne peke yake huleta kama nusu ya maji yote. Aliyekwenda karibu na mwamba kutafuta pweza, akakuta mkondo umempita nyuma, anajua nasema nini.

Jioni ile maji yalijaa mpaka hatua mbili kutoka kwenye hema la kwanza. Unadhani tulihama? Tulipiga picha.

Saa kumi alfajiri nilisikia sufuria inagonga. Nikadhani paka. Nikatoa mguu, ukaingia majini. Sufuria la wali lilikuwa linaelea baina ya mahema mawili, mwiko umesimama ndani yake kama mlingoti. Watoto wakatoka wanapiga mayowe, dakika moja baadaye mayowe yamegeuka vicheko, na kuna waliokwenda kuliogelea lile sufuria. Mtoto mmoja wa darasa la saba hakuamka. Tulimbeba na godoro lake la sponji, linachuruzika kama urojo, tukamtua chini ya mvinje, akageukia upande wa pili. Boflo zote 40 za asubuhi zikawa uji. Mchele uliosalia tuliupika hivyohivyo, na kuna kijana mpaka leo anaapa hajala wali mtamu kama ule. Yule mama akatuletea mihogo ya nazi. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Sasa simu. Vijana wananionyesha jedwali la maji kujaa na kupwa: "Maalim, imeandikwa mita 3.9, lakini hapa hata mita moja hapana." Namba hiyo haipimwi kutoka kwenye hema lako. Inapimwa kutoka maji ya chini kabisa, huko nje unakokwenda kwa miguu siku ya bamvua. Usiisome peke yake. Linganisha ya leo na ya usiku wa mwisho wa kambi. Ikiwa inapanda, panda na wewe.

Wengine wananiuliza wahesabu mwezi kwa tangazo lipi la kuandama. Fuata lolote utakalo kwa funga yako. Bahari haisikilizi redio, na siku moja mbele au nyuma haitakuokoa ukiwa umelala kwenye njia yake.

Na nikiri lililobaki. Jedwali haliniambii maji yatatembea hatua ngapi kwenye mchanga huu, siku hii, kusi likivuma na mawimbi yakisukuma juu ya maji. Sijawahi kulipata kwa hesabu. Ninachofanya ni kutafuta mstari wa mwani mkavu ulio juu kuliko yote, ule uliokwisha kuwa mweusi na kuvunjika mkononi, kisha naongeza hatua thelathini. Kwa nini thelathini? Kwa sababu ishirini ziliwahi kunilowesha. Halafu namuuliza mzee wa hapo, na tukienda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo, kuaga naye namuuliza. Wakitofautiana nafuata mwenye mashua. Na juu huko angalia nazi, usije ukakimbia maji ukapasuliwa kichwa.

Ile picha ya Jumamosi niliikuza kwa vidole. Nyuma ya mahema, chini ya mivinje, kuna mstari mweusi wa mwani mkavu. Nyuma! Nikampigia. Ilikuwa mwezi kumi na mbili.

"Lakini Maalim," akasema, "huko juu kuna miba ya mivinje, watoto watachomwa."

Nikamwambia awavalishe kandambili, na usiku azifunge kwenye hema.

Akauliza, "Kwani kuna mbwa?"