Batna, Algeria: magofu ni ya Kirumi, historia si ya Warumi peke yao

Ukitaja Algeria, wengi wanaona mchanga na ngamia. Mkoa wa Batna hauko hivyo. Uko kaskazini mashariki, kwenye milima ya Aurès, na magofu ya Timgad, mji wa kale wa Kirumi, yako kwenye mwinuko wa karibu mita 1,000. Theluji huanguka huko msimu wa baridi. Sahara inaanzia kusini, ng'ambo ya milima.

Wengine hudhani mji wa Batna wenyewe ni wa Kirumi. Hapana, ulianza mwaka 1844 kama kambi ya jeshi la Ufaransa. Kambi ya Warumi ilikuwa Lambaesis, jirani tu, panapoitwa Tazoult leo.

Dhana inayoudhi zaidi ni kwamba kabla ya Roma hapakuwa na kitu. Katika mkoa huohuo lipo Imadghassen, kaburi la kifalme la Wanumidia, watu wa ufalme wa kale wa Afrika Kaskazini: jengo la mviringo lenye upana wa karibu mita 59, lililozungukwa na nguzo za mawe, na paa lake limepanda kwa ngazi hadi juu. Lilijengwa karne nyingi kabla ya Timgad. Waliolijenga ni Waamazigh (Waberberi), wenyeji wa Afrika Kaskazini, ambao vizazi vyao, Wachaoui, bado wanaishi milimani humo.

Na Timgad je, ulikuwa mji wa Waitalia? Kaisari Trajan aliuanzisha mwaka 100 kwa ajili ya askari wastaafu, mitaa imenyooka kama imepigwa rula. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, jeshi lenyewe liliandikisha vijana wa Afrika, nao wakistaafu walibaki papo hapo. Kwenye sakafu ya uwanja wa mji kuna maneno ya Kilatini yaliyochongwa: kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, huko ndiko kuishi. Hakuna habari ya vita hapo, ni starehe za watu waliokwisha kujiona wako kwao.

Mwisho, Waarabu husingiziwa kuubomoa mji wa Timgad. Mji ulikuwa umeshabomolewa na Waamazigh wa milimani kabla Wabizanti, yaani Warumi wa mashariki, hawajafika. Mwaka 539 hao Wabizanti waliokota mawe ya magofu wakajengea ngome, ambayo kuta zake bado zimesimama upande wa kusini. Majeshi ya Waarabu yalikuja karne iliyofuata.