Mwanafunzi wa Udaktari katika Kliniki ya Saratani: Maswali na Majibu

Swali: Kwa nini mwanafunzi apelekwe kliniki ya wagonjwa wa nje, ilhali wagonjwa mahututi wako wodini?

Jibu: Kwa sababu sehemu kubwa ya matibabu ya saratani siku hizi haihitaji kulazwa. Mgonjwa hupimwa damu, huwekewa dripu ya dawa kwa saa kadhaa, kisha hurudi nyumbani. Wengine humeza vidonge tu na kuonana na daktari kila baada ya wiki chache. Mwanafunzi anayeishia wodini huwaona waliolemewa na ugonjwa au na madhara ya dawa, na anaweza kuhitimu akidhani kwamba saratani haina sura nyingine.

Swali: Anajifunza nini hasa huko?

Jibu: Hujifunza kumtazama mgonjwa tangu anapoingia mlangoni. Kipimo cha ECOG (kikundi cha utafiti wa saratani cha Marekani), kilichochapishwa mwaka 1982, hupanga uwezo wa mgonjwa kuanzia 0, yaani anafanya shughuli zake zote kama zamani, hadi 4, yaani hawezi kujihudumia na yuko kitandani au kitini muda wote. 5 ni kifo. Namba hiyo huchangia sana uamuzi wa kumpa kemotherapia, yaani dawa za kuua chembe za saratani, au kumwepusha nayo. Ili kuipata, ni afadhali kumwuliza alifanya nini jana tangu alipoamka kuliko kumwuliza hali, kwa maana salamu ya hali wengi huijibu "nzuri" hata wakiwa taabani.

Jambo la pili ni homa. Baada ya dawa nyingi za kemotherapia, chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria hushuka sana, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14, wakati ambapo mgonjwa yuko nyumbani. Akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni dharura, na antibiotiki ya mshipa hulengwa kuanza ndani ya saa 1 tangu afike hospitalini. Dalili nyingine zinaweza kukosekana kabisa, kwani usaha wenyewe hutokana na chembe hizo zilizopungua. Mwanafunzi aliyewahi kumweleza mgonjwa hayo kwa lugha nyepesi, kisha akamwomba ayarudie kwa maneno yake, hatayasahau upesi.

Swali: Daktari mwenye foleni ndefu anafundishaje?

Jibu: Achague jambo moja kwa kila mgonjwa. Mwaka 1992 ulielezwa utaratibu wa hatua tano unaofaa hali hiyo: mwanafunzi atoe uamuzi wake, aeleze sababu zake, mkufunzi afundishe kanuni moja, ataje kilichofanyika vizuri, kisha asahihishe kosa. Ugumu uko kwenye hatua ya kwanza, maana wakufunzi wengi (nami nimo) huuliza swali na kulijibu wenyewe kabla mwanafunzi hajafungua kinywa.

Swali: Je, mgonjwa anaweza kumkataa mwanafunzi?

Jibu: Anaweza, na matibabu yake hayapungui kwa hilo. Ridhaa iombwe kabla mwanafunzi hajaingia. Akiwa tayari amesimama chumbani, kukataa huwa ni mtihani.

Swali: Awepo wakati wa kutoa habari mbaya?

Jibu: Awepo, mgonjwa akiridhia, lakini asiwe msemaji. Ataona daktari akianza kwa kuuliza mgonjwa anajua nini na angependa kuelezwa kiasi gani, kisha akinyamaza baada ya kulitaja jambo lenyewe. Ukimya huo haufundishiki darasani. Baadaye mkufunzi amwite kando, hata kwa dakika tano, amwulize aliona nini na yeye mwenyewe yukoje. Pale inapowezekana, mwanafunzi huyo huyo apangiwe kuwepo mgonjwa anaporudi kliniki, kwa kuwa maswali mengi huja siku hiyo, mshtuko ukiwa umepungua.