Kabla hujalala kwenye mashine ya MRI: maelezo kwa wanaojitolea katika utafiti wa ubongo

MRI ni mashine inayopiga picha za ubongo kwa kutumia sumaku kali. Malalamiko yanayotufikia siku hizi karibu yote ni ya aina moja: mtu kajitolea, kafika kwa wakati, kisha karudishwa mlangoni kwa sababu ya majibu yake kwenye fomu ya usalama, ile inayouliza kama una chuma mwilini. Tunaelewa inavyoudhi. Lakini fomu hiyo haijazwi kwa kutimiza utaratibu tu.

Utaijaza unapojiandikisha, utaijaza tena siku ya kipimo, kisha mhudumu wa mashine atakusomea maswali yale yale kwa sauti. Ndiyo, yale yale. Hapo ndipo watu hukumbuka cheche ya chuma iliyowaruka jichoni walipokuwa wakichomelea miaka mingi iliyopita, au klipu iliyoachwa kichwani baada ya upasuaji. Ukijibu "sina hakika", kipimo kinaahirishwa hadi tupate maelezo ya hospitali iliyokutibu au eksirei ya macho. Ukibainika kuficha kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, unaondolewa kwenye utafiti, na hapo hakuna mjadala.

Sumaku ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu mara 60,000 hivi ya ile ya dunia, na haizimwi jioni tunapofunga ofisi. Mashine ikiwa kimya, bado inavuta. Mkasi uliosahaulika mfukoni huruka kama mshale, na kipande cha chuma kilichomo jichoni kinaweza kusogea. Kwa hiyo sarafu, kibanio cha nywele, simu na kadi ya benki vyote vinabaki nje.

Ndani utalala chali, kichwa kikiwa kwenye kifaa kinachofanana na kofia ya matundu. Juu ya macho kuna kioo kidogo cha kukuonesha skrini. Utawekewa vizibo vya masikio, kwa sababu kelele hupita desibeli 100: kugonga, kukereza, kisha mlio kama wa king'ora, na kitanda kikitetemeka. Kizunguzungu kidogo wakati wa kuingizwa ni kawaida. Pua itawasha. Huwasha kila mtu, na daima wakati usioruhusiwa kujikuna, maana kichwa kikisogea milimita chache tu picha huharibika na tunaanza upya. Meza mate na kohoa kelele zinapokatika.

MRI haitumii mionzi ya eksirei. Tumelieleza hili mara nyingi mno. Kipimo cha PET, njia nyingine ya kupiga picha za ubongo, ndicho hutumia dawa yenye mionzi, nacho kina fomu yake ya ridhaa. Wala mashine haisomi mawazo. Inachofuatilia ni mabadiliko ya oksijeni katika damu, njia iliyoelezwa na mwanasayansi Seiji Ogawa mwaka 1990, na damu yenyewe huchelewa sekunde kadhaa baada ya neva kufanya kazi. Siri zako utaondoka nazo.

Usije kwa sababu kichwa kinakusumbua. Picha za utafiti hazipigwi kwa ajili ya kutafuta ugonjwa, na kutoambiwa kitu si cheti cha afya. Kikionekana kisicho cha kawaida, tutafuata utaratibu ulioandikwa kwenye fomu ya ridhaa, kwa hiyo soma sehemu hiyo kabla ya kutia sahihi, si ukiwa umeshalala kitandani.

Mkononi utapewa mpira wa kubinya. Ukitaka kutoka, hata dakika ya pili, ubinye: tutasimamisha na kukutoa, na hutadaiwa sababu. Ila usiuchezee kwa kupoteza muda. Kila ukibinywa, lazima tuje.