Magari ya mfano Malindi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kauli iliyoharibu bodi nyingi za magari ya mfano, yale madogo ya plastiki ya kuunganisha na kupaka rangi, hapa mjini ni hii: "Malindi kuna joto, rangi inakauka upesi, wewe puliza tu." Joto lipo, na unyevu nao upo. Thina, yaani kiyeyusho kilichomo kwenye rangi, inaporuka huupoza uso wa plastiki, na mvuke wa hewani hugeuka umande juu ya rangi ambayo bado ni mbichi. Ukishanaswa humo, unaona ukungu mweupe. Kwenye nyeupe hutautambua. Kwenye nyeusi, bluu iliyokolea na vanishi utaujutia.

Asubuhi mapema, ingawa upepo umetulia, ndiyo saa mbaya kuliko zote. Subiri baina ya saa tano na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua. Kipima unyevu kikionyesha zaidi ya asilimia 70, weka kopo la rangi ya kupuliza chini. Masika ikikaza kuanzia Aprili, shughulika na gundi na msasa. Bodi zipulizie Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua imekatika. Ukungu ukishatokea, usikimbilie msasa: ngoja siku kavu, kisha pitisha mkupuo mwepesi wa thina inayokauka polepole. Mara nyingi rangi hufunguka na kuachia maji iliyoyanasa.

Kuna wanaokwepa unyevu kwa kupuliza juani kabisa. Hapo matone hukauka hewani kabla ya kutua, na bodi ikawa na chengachenga. Tafuta kivuli chenye hewa, shika kopo kama sentimita 20 kutoka kwenye bodi. Na ule ushauri wa kulowesha kopo kwenye maji ya moto ni wa nchi za baridi; chumba chenye nyuzi 29 kinatosha. Kopo lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50.

"Koti moja nene la rangi linaficha kasoro zote." Linaficha, pamoja na usivyotaka vifichike. Mwanya wa mlango wa gari halisi ukiwa milimita 5, kwa kipimo cha 1/24, yaani modeli ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe, unabaki milimita 0.2. Praima (rangi ya msingi inayotangulia) ikiwa nzito na koti nene la rangi huuziba, na gari lililozibwa milango huonekana la kuchezea hata likipigwa polishi siku nzima. Kabla ya praima, pitisha mgongo wa ncha ya kisu kwenye mistari ya milango, boneti na buti, mara tatu au nne bila kukandamiza. Koti la kwanza liwe la kugusia tu, plastiki ikionekana chini yake. Subiri dakika 10 hadi 15, halafu makoti mawili matatu mepesi. Kabla ya polishi, sogeza bodi puani. Ikinuka, haijaiva.

"Thina ni thina." Plastiki ya modeli nyingi ni polistirini, na thina kali inayotumiwa gereji huila ikajaa nyufa ndogondogo. Rangi ya gereji inawezekana, ila juu ya praima na kwa makoti membamba, tena baada ya kuijaribu kwenye mabaki ya fremu ya plastiki iliyoshikilia vipande vya modeli. Rangi za metali za gereji ni heri kuziacha: chembe zake zilikusudiwa gari kubwa, na kwenye bodi ya sentimita 17 zinaonekana kama mchanga. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina hata kidogo. Inatakiwa ile yenye vichujio vya kaboni.

Kuhusu maji, watu husema bodi mpya haihitaji kuoshwa. Inahitaji: ina mabaki ya mafuta ya kiwandani, na rangi haishiki juu ya mafuta. Sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu vinatosha. Kwetu kuna tatizo la pili: maji ya kisima yana chumvi. Suuza mwisho kwa maji ya kunywa ya chupa, na stika za maji, zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, uzilowanishe kwa maji hayohayo, la sivyo kingo zake zitabaki na weupe.

"Supaglu inashika kila kitu." Mvuke wake hutua kwenye vioo ukaacha utando mweupe. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, tone dogo kwa kijiti cha meno. Ikizidi, ifute kwa kitambaa kibichi. Gundi ya plastiki kwa upande wake huyeyusha polistirini ya pande mbili mpaka zikaungana, kwa hiyo juu ya rangi au kromu haina kazi. Kwangua kwanza.

Halafu kuna dhana kwamba kupamba injini ni kwa wenye pesa. Chukua Datsun 240Z, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Ina silinda sita, hivyo nyaya za plagi ni saba: sita za silinda na moja ya koili. Waya halisi una unene wa milimita 7 au 8, kwa 1/24 ni milimita 0.3. Waya mwembamba hivyo utaupata ndani ya mota ndogo iliyoungua. Kuupima, zungushia penseli mara 10, mizunguko ikigusana: ikichukua milimita 3, umepata. Toboa kifuniko cha distribyuta, kigawa umeme wa plagi, kwa keekee ya milimita 0.4, anza na waya mrefu zaidi, fuata mpangilio wa silinda zinavyowaka, 1-5-3-6-2-4. Wengi huzipanga moja hadi sita kwa mfululizo, na anayejua injini huliona hilo kabla hajaiona rangi.

Mwisho, vumbi. "Mwagia mchanga wa ufukweni." Chembe ya nusu milimita kwa 1/24 ni kokoto ya milimita 12, tena mchanga huo una chumvi inayovuta unyevu. Ukitaka wekundu wa vumbi la mbuga ya Tsavo Mashariki, saga chaki ya rangi iwe unga laini. Paka zaidi chini ya milango, nyuma ya magurudumu na mgongoni mwa gari, ambako upepo huzunguka na kurudisha vumbi. Boneti ipate kidogo. Kioo cha mbele kizibe kwa utepe uliokatwa umbo la njia ya waipa, ndipo upake. Vanishi isipite juu ya unga huo: huulowesha, na sehemu kubwa hutoweka.