Haipothalamasi: kwa nini mwenye homa husikia baridi

Mgonjwa wa malaria ukimgusa paji la uso linaunguza, kipimajoto kinasoma nyuzi 38.5, naye anatetemeka na kuomba blanketi la pili. Hajifanyi. Kwa hesabu ya ubongo wake, kweli ana baridi.

Hesabu hiyo hufanywa na haipothalamasi, sehemu ya ubongo yenye ukubwa wa punje ya lozi na uzito wa gramu 4 hivi, iliyokaa upande wa chini wa ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari. Kazi yake ni kulinda viwango vya mwili: joto, maji na chumvi, njaa, usingizi na homoni. Hupokea taarifa, huzilinganisha na kiwango kinachotakiwa, kisha huamuru marekebisho.

Kiwango cha joto ni karibu nyuzi 37. Damu ikipata joto zaidi ya hapo, mishipa ya ngozi hupanuka na jasho hutoka. Ikipoa, mishipa husinyaa na misuli hutetemeka, maana misuli inayotetemeka huzalisha joto. Sasa vimelea vya malaria vinapopasua chembe nyekundu za damu, kinga ya mwili hutoa kemikali zinazosababisha kemikali nyingine, prostaglandini, kutengenezwa ubongoni, nayo husogeza kiwango chenyewe, tuseme hadi nyuzi 40. Kuanzia hapo nyuzi 38.5 ni baridi, na ndiyo maana mgonjwa anatetemeka. Kiwango kikirudi chini, jasho linamlowesha hadi shuka.

Paracetamol hushusha homa kwa kuzuia prostaglandini hiyo. Haiui kimelea hata kimoja. Kwa hiyo mtoto aliyepoa baada ya kuinywa bado anatakiwa kupimwa, na akikutwa na malaria amalize dozi.

Mtu aliyezidiwa na jua ni habari nyingine kabisa. Kiwango chake hakijasogea; ni mwili ulioshindwa kutoa joto. Akipita nyuzi 40 na kuanza kuchanganyikiwa, paracetamol haitamsaidia. Mweke kivulini, mmwagie maji mwilini, mpepee, na safari ya hospitali ianze mara moja.

Kwenye maji, haipothalamasi ni makini kupita kiasi. Ukolezi wa damu ukipanda kwa asilimia 1 au 2 tu, kiu inakuja. Wakati huohuo homoni ya vasopresini, inayotengenezwa na haipothalamasi na kutolewa kupitia pituitari, huziambia figo zirudishe maji kwenye damu. Mkojo unakuwa mchache na wa njano iliyokolea. Homoni hii ikikosekana, kwa mfano baada ya kuumia kichwa, upasuaji wa ubongo au uvimbe, mtu anaweza kukojoa lita 10 kwa siku, mkojo mweupe kama maji, na kiu haikatiki. Wengi hudhani ni kisukari, lakini sukari ya damu iko sawa. Tiba yake ni desmopresini, dawa inayofanya kazi ya vasopresini. Kumnyima maji mgonjwa huyu ili apunguze kukojoa ni hatari, kwani figo zitaendelea kuyamwaga. Kwa wazee shida huwa kinyume: hisia ya kiu hufifia, hivyo babu apewe maji bila kungoja ayaombe.

Njaa nayo hupimwa hapo, kwa homoni kama leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili. Saa ya usingizi iko hapohapo pia, ikirekebishwa na mwanga unaoingia machoni.

Unyonyeshaji unaonyesha jinsi hisia zinavyogusa kazi hii. Mtoto akinyonya, neva za chuchu hupeleka habari kwenye haipothalamasi, homoni ya oksitosini inatolewa, na maziwa yanasukumwa nje. Maumivu na hofu huchelewesha oksitosini. Ndiyo maana mama aliyejifungua jana, mwenye maumivu ya mshono na anayesemwa kwamba hana maziwa, anaweza kuwa nayo na bado yasitoke vizuri. Apewe dawa ya maumivu, akae vizuri, mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, na maneno yale yakome.