Haiba ya mtangazaji kiooni: inajengwa na nini, inaharibiwa na nini

Haiba ya mtangazaji wa runinga ni picha ya mtu inayobaki kwa mtazamaji baada ya kumwona na kumsikia mara nyingi: huyu anaaminika, huyu anabahatisha, huyu anatuheshimu, huyu anajisikia. Uzuri wa sura unachangia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tabia yake ya nyumbani haimo kabisa, maana mtazamaji haijui. Kinachofika sebuleni ni mwanga, lenzi, macho, sauti, nguo, lugha na ujuzi wa jambo, na haiba hukaa pale vitu hivyo vinapokubaliana. Sauti ikisoma habari ya lori lililopinduka mteremko wa Iwambi, Mbeya, huku uso ukibaki na tabasamu la kufungulia kipindi, mtazamaji hasemi "tabasamu limekosewa." Anasema "huyu hana utu," na kulifuta neno hilo huchukua miezi.

Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, walieleza jinsi mtazamaji anavyojenga urafiki wa upande mmoja na mtu wa kwenye kioo. Mtangazaji anamtazama machoni kupitia lenzi, anaongea naye kama wanaojuana, na anarudi kwa wakati uleule. Ndiyo maana mama wa Mafinga atasema "leo kijana wetu amechoka" juu ya mtu ambaye hawajawahi kukutana. Urafiki huo hauhitaji umaarufu wa nchi nzima. Kituo kidogo cha Mbeya au Iringa, hata chaneli ya mtandaoni yenye kamera moja, kinaweza kuupata, na kinaweza kuupoteza kwa mambo madogo ya ufundi.

Tuanze na uso, maana hapo ndipo studio nyingi ndogo zinapokwama. Kamera, na simu pia, ikiachwa ijipimie yenyewe hupima mwanga wa picha nzima na kuusogeza kuelekea wastani. Ukimkalisha mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inapunguza ule weupe, na uso unazama pamoja nao. Kisha watu wanasema kamera haimpendi. Kosa ni la ukuta. Paka rangi ya kati, kama kijivu chenye ubuluu au kahawia, mtangazaji akae mita 1.5 hadi 2 mbele yake, mwanga upimwe usoni, halafu kipimo kifungwe kisibadilike katikati ya kipindi.

Taa kuu iwe upande mmoja wa lenzi, nyuzi 30 hadi 45, juu kidogo ya usawa wa macho. Ikipanda sana, matundu ya macho yanakuwa meusi, na mtu ambaye macho yake hayaonekani huleta mashaka hata akisema kweli. Upande wa pili weka taa yenye nguvu kama nusu ya hiyo, au kadibodi nyeupe ya kurudisha mwanga. Taa ya tatu inatoka nyuma, inagusa mabega na nywele. Wengi huiona ya anasa. Kwa nywele nyeusi na ngozi nyeusi ndiyo ya kutafutwa mapema, maana bila hiyo kichwa hakitengani na mandhari ya nyuma. Mwenye taa mbili tu atumie moja mbele, moja nyuma, na kadibodi ubavuni.

Usichanganye mwanga wa dirishani na wa balbu za njano. Mwanga wa mchana una joto-rangi (kipimo cha rangi ya mwanga, kwa kelvini, K) la kama 5600 K, balbu za njano kama 2700 hadi 3200 K, kwa hiyo shavu moja litakuwa la bluu na jingine la machungwa. Funga pazia au badilisha balbu. Na kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Simu iliyopangwa kwa 1/60 huonyesha michirizi inayopanda na kushuka ukutani, na fundi atahangaika na taa ambayo haina tatizo.

Nje, nyanda za juu zina ukali wake. Jiji la Mbeya liko kwenye mita zipatazo 1,700 kutoka usawa wa bahari, Njombe juu zaidi. Kiangazi anga ni safi, na jua la saa sita linachora kivuli kikali chini ya pua na nyusi. Rekodi kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ukilazimika mchana, ingia kwenye kivuli kizima, usisimame chini ya mti wenye majani machache unaotia madoa usoni.

Halafu kuna mafuta ya mgando. Juni na Julai, baridi ya Njombe na Makete inapasua midomo na kila mtu anajipaka usoni. Chini ya taa, paji la uso linang'aa kama sufuria mpya, na mtazamaji anadhani mtangazaji anatoka jasho la woga. Kuacha mafuta kabisa si dawa, ngozi itafanya ukurutu na lenzi itauona. Paka losheni nyepesi dakika 20 kabla, gandamiza tishu bila kusugua, kisha poda kwenye paji, pua, kidevu, na utosi kwa mwenye upara. Rangi ya poda ilinganishwe na taya na shingo, wala si mgongo wa mkono, na ijaribiwe chini ya taa za studio. Poda au krimu za jua zenye zinki au titani huacha utando wa kijivu juu ya ngozi nyeusi, na kamera huuona kuliko kioo cha chooni.

Mfano unaotajwa sana ni mdahalo wa wagombea urais wa Marekani, John F. Kennedy na Richard Nixon, mjini Chicago, tarehe 26 Septemba 1960. Nixon alikuwa ametoka kuugua goti na kulazwa, amepungua, suti yake ya kijivu ikapotea kwenye mandhari ya nyuma, na akakataa vipodozi vya kitaalamu. Kennedy alivaa suti nyeusi, akaonekana. Ile hadithi kwamba waliosikiliza redio walimpa Nixon ushindi imesimama juu ya ushahidi mwembamba, isitegemewe sana. Suti iliyopotea ukutani inatosha kuwa funzo.

Macho sasa. Lenzi iwe usawa wa macho ya mtangazaji. Ikiwa chini anaonekana anawadharau watu, ikiwa juu anaonekana mtoto. Simu iliyowekwa nusu mita kutoka usoni inakuza pua na kurudisha masikio nyuma, kwa hiyo sogea mita 2 na ukaze fremu kwa lenzi ya kuvuta. Anayesoma kwenye prompta, kifaa kinachopitisha maandishi mbele ya lenzi, akae mita 2.5 au zaidi, na mstari uwe na maneno matatu au manne tu. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Mstari mpana hufanya mboni zitembee kulia na kushoto, na watazamaji wote wanajua anasoma. Kwenye mahojiano mtazame mgeni, rudi kwenye lenzi unapoongea na walio nyumbani. Kujitazama kwenye monita ni ugonjwa wa wageni wa kazi. Habari ikiisha, shikilia uso kwa sekunde 2 au 3 kabla ya kuinama kutafuta karatasi.

Sauti ina kasi, pumzi na miisho. Walter Cronkite, aliyesoma habari za jioni za kituo cha CBS nchini Marekani kuanzia 1962 hadi 1981, alijizoeza kusoma kama maneno 124 kwa dakika, polepole kuliko Wamarekani wengi wanavyoongea. Namba hiyo usiihamishe kichwa kichwa. Neno moja la Kiswahili, "watakaporuhusiwa" kwa mfano, lina kazi ya maneno kadhaa ya Kiingereza. Kwa habari, kama 110 kwa dakika inatosha, chini ya hapo ukitaja bei na tarehe. Kosa la kawaida ni kuimba: kila sentensi inapanda mahali palepale na kushuka mahali palepale, mpaka habari ya msiba na ya mpira zinafanana. Jingine ni kumeza silabi ya mwisho, na katika Kiswahili hapo ndipo "anapiga" na "anapigwa" zinapotengana. Maiki ya kubana ikae kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu na sweta la sufu linalosugua. Makambako usitoke nje bila manyoya ya kuzuia upepo kwenye maiki.

Nguo hazihitaji maneno mengi. Mistari myembamba na vidoti vidogo vya kusongamana hucheza kwenye kioo, nyeupe tupu inavuruga kipimo cha mwanga, kijani kinatoboka kwenye pazia la kijani, lile ambalo kompyuta huweka picha nyingine mahali pake. Kitenge chenye maua makubwa hakina shida. Tai si sharti la kuaminika.

Lafudhi inastahili kukaa nayo zaidi. Lugha nyingi za kwetu hazina th, dh, gh wala kh, sauti zilizoingia Kiswahili kupitia Kiarabu, na wapo wanaobadilishana r na l. Mtazamaji husamehe lafudhi ya Kinyakyusa au ya Kihehe, lakini hasamehi "kula" pale palipotakiwa "kura", maana habari imegeuka. Kwa hiyo rekebisha kinachobadilisha maana, kingine kiache. Anayejilazimisha kuongea kama mtu wa Pwani hushikilia dakika tatu, kisha lafudhi yake inarudi, na hapo ndipo anapochekwa. Salamu ya "kamwene" kwa watazamaji wa Iringa na Njombe au "ndaga" (asante) kwa wa Rungwe na Kyela hufungua mioyo, ila zikirudiwa kila dakika huwa mapambo.

Majina ya mahali hayana msamaha. Wanging'ombe ina ng mbili tofauti, ya pili ikiwa ile ya ng'ombe, na anayezitamka sawa amewaambia watu wa wilaya hiyo kwamba hajawahi kuwasikiliza. Ujuzi wa jambo ni hivyohivyo. Mtangazaji akitaja bei ya "gunia" la viazi bila kusema kama ni gunia la kawaida au lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, mkulima anazima sauti, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo hela yake. Bei itajwe na kipimo, soko na siku.

Heshima nayo inaonekana. Mgeni mzee apewe shikamoo, hilo halina mjadala, swali ni wapi. Kwenye kipindi cha familia au utamaduni itolewe mbele ya kamera, kuificha kunamfanya mtangazaji aonekane hakulelewa. Kwenye mahojiano ya kumbana kiongozi, bora itolewe kabla ya kurekodi, kisha hewani iwe "karibu Mheshimiwa," maana ni vigumu kuuliza fedha za mradi zimekwenda wapi sekunde kumi baada ya shikamoo. Si kila mhariri atakubali hilo. Ambalo hakuna mhariri atakayelikubali ni kumkatiza mama wa sokoni Mwanjelwa na kumwachia Mheshimiwa amalize.

Mwisho kuna muda, ambao hauna njia ya mkato. Kipindi cha saa mbili usiku kianze saa mbili, na salamu ya ufunguzi isibadilike kila wiki. Mtangazaji anayehamishwa kutoka michezo kwenda dini kisha vichekesho ndani ya mwezi hampi mtazamaji nafasi ya kumzoea.

Kupima haiba, rekodi dakika tano. Zitazame kwanza bila sauti, uandike uso unasema nini. Kisha geuza kioo, usikilize tu. Majibu mawili yakipishana, umepata pa kuanzia. Mpe pia mtu asiye wa studio, umuulize anakumbuka habari gani, usimuulize kama amependa, maana kwa adabu atasema ndiyo. Rekebisha kitu kimoja tu kwa kipindi. Ukibadilisha taa, poda na kasi siku moja, hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.