Dirisha linalotazama matofali

Mtu akinunua lupango, yaani kiwanja, hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, cha kwanza anachojenga si nyumba, ni ukuta. Mita mbili na nusu, matofali ya kuchoma, vipande vya chupa juu. Nyumba inakuja baadaye, na mara nyingi inasogezwa nyuma mpaka ikaribie kugusa ukuta, ili mbele ubaki uwanja wa gari na harusi. Dirisha la chumba cha kulala linabaki likitazama matofali, mita moja tu mbele yake.

Kazi yangu ni kupiga hesabu za joto na hewa ndani ya majengo. Kwa muda sasa nasoma pia tafiti za wanasaikolojia juu ya uhusiano wa binadamu na maumbile, na kila nikizisoma narudishwa kwenye dirisha lile.

Nianze na jua, maana jua la Lubumbashi lina tabia yake. Mji uko digrii 11 na ushee kusini mwa ikweta. Kwa hiyo kila mwaka, kwenye tarehe 23 Oktoba hivi, saa sita mchana jua linasimama utosini kabisa, na hicho ndicho kipindi cha joto kali, mvua bado hazijashika. Joto la Oktoba basi linaingia kwa bati kuliko kwa dirisha. Ndiyo maana mteja akiniambia habari za vioo vya rangi, mimi namuuliza habari za dari, na kama kuna matundu ya kutolea hewa ya moto iliyonaswa kati ya dari na bati.

Upande wa kaskazini kuna zawadi ambayo wengi hawaitumii. Chukua paa lililojitokeza sentimita 60 nje ya ukuta. Kwenye tarehe 23 Septemba hivi, saa sita mchana, kivuli chake kinashuka karibu mita 2.9, yaani ukuta mzima uko kivulini. Mwishoni mwa Juni, baridi ikiwa imekaza, kivuli kile kile kinashuka sentimita 85 tu, na jua linaingia dirishani mpaka sakafuni. Hakuna mashine, hakuna umeme. Mashariki na magharibi hesabu hiyo haifai kitu, kwa sababu huko jua linakuja chini chini. Panahitaji barza au mti.

Kisha usiku. Tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata Oktoba, mchana ukipita nyuzi 30, usiku unashuka chini ya 20. Ukiacha hewa ya usiku ipite ndani, matofali yanapoa, na kesho yake yanakunywa joto la mchana kabla halijakufikia wewe. Jengo la Eastgate la Harare, lililochorwa na Mick Pearce na kufunguliwa 1996, linafanya kazi hivyo kwa ukubwa wake wote: feni zinavuta hewa ya usiku kupitia sakafu za zege, na hewa ya moto inatokea juu kwa mabomba. Pearce alichukua wazo kwenye vichuguu. Cha kuchekesha ni kwamba baadaye Scott Turner na Rupert Soar walionyesha kuwa kichuguu hakipozi hewa namna ile. Kinafanya zaidi kazi ya mapafu, kubadilisha hewa chafu kwa safi, na joto la ndani linafuata joto la udongo. Jengo halikujali, linapoa vilevile.

Lakini kwetu hesabu ya usiku inavunjika kwa sababu moja rahisi: watu hawafungui. Mwizi, mbu, na upepo wenyewe haupo. Ukuta usio na tundu unausukuma upepo uruke juu. Nyuma yake hewa inazunguka pale pale bila nguvu. Na hata ukifungua, utaona nini? Matofali.

Hapo ndipo ninapomleta Roger Ulrich. Mwaka 1984 alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alipekua mafaili ya wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo kati ya 1972 na 1981, akapata jozi 23 za watu wanaokaribiana umri na hali. Katika kila jozi mmoja alilala mbele ya dirisha linaloonyesha miti, mwenzake mbele ya dirisha linaloonyesha ukuta wa matofali. Wa miti walikaa wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wa matofali 8.70, na wa miti walitumia dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Ni watu wachache, hospitali moja, na mgonjwa kitandani si mwenye nyumba. Sitaki kuutwisha uchunguzi huo mzigo usio wake. Ila ukuta ule naufahamu, hapa hapa mjini: niliukuta mtaa wa Kenya, niliukuta mtaa wa Katuba.

Kwa hiyo sitenganishi tena swali la upepo na swali la mti. Dirisha lenye kitu cha kutazama linafunguliwa, na dirisha linalofunguliwa ndilo linalopoza nyumba. Papa mmoja, baba mwenye nyumba, aliniambia, «Injenieri, mambo ya ndege na majani ni ya wazungu, mimi nataka usalama.» Nikamjibu, «Ndiyo papa, usalama utabaki.» Tukasogeza nyumba mita tatu kutoka ukutani, sehemu ya juu ya ukuta tukaijenga kwa klaustra, matofali ya kupitisha hewa, zenye matundu madogo kuliko ncha ya kiatu, na dirishani tukaweka nondo pamoja na wavu wa mbu. Kati ya ukuta na dirisha mkewe alipanda mpapai na matembele. Mambo ya ndege hatukuyataja tena.

Papa yule hakukosea kabisa, kwa sababu vipimo vya uhusiano wa mtu na maumbile vimetengenezwa mbali na sisi. Kimoja cha watafiti wa Kanada, cha 2009, kinamwuliza mtu kama mahali anapopatamani kwa likizo ni pori la mbali. Muulize hivyo mama wa Lubumbashi: pori kwake ni matunda ya masuku, uyoga, vinkubala (viwavi vya kula), na pia ndiko yanakotoka makala, yaani makaa, ya mbabula yake, jiko lake. Si likizo. Utafiti mwingine, wa Uingereza, wa 2019, watu karibu 20,000, ulikuta kwamba wanaofikisha dakika 120 kwa juma kwenye maumbile wanasema wana afya na furaha kuliko wasiotoka kabisa; lakini bustani ya nyumbani haikuhesabiwa. Kwetu ukiondoa lupango na barza umeondoa karibu kila kitu.

Juu ya mti gani: mwembe, kama nafasi ipo, magharibi mwa nyumba. Hautupi majani yote, kivuli chake ni kizito. Jakaranda ni fahari ya mji wetu na sitamkataza mtu, ila Septemba, joto linapoanza, imejaa maua na majani ni haba. Miti ya miombo ina akili zaidi: inachipua majani mapya, mekundu, kabla mvua haijanyesha.

Na kichuguu, ukikikuta kwenye lupango? Desturi ni kukibomoa na kukifanya matofali, yanayochomwa kwa kuni za miombo ile ile. Wanasayansi waliopima umri wa vichuguu vya kandokando ya mji walikuta kimoja kilichopita miaka 2,000. Kikiwa chini ya msingi hakuna ujanja, lazima kichimbwe chote, maana vyumba vyake vitupu vitafanya nyumba izame upande mmoja na kupasuka. Kikiwa pembeni nakiacha, nakizungushia mfereji wa maji ya paa, na naelekeza barza upande wake.